Mama Koki na Shule za Wenzake

Chuo cha ufundi kilikuwa nyuma ya ghala la saruji, na kila aliyetoka humo jioni alitoka na vumbi jeupe begani, hata kama alikuwa anasomea ushonaji. Humo ndimo alimofundisha mwalimu wa mabomba ambaye wanafunzi walimwita Mama Koki. Walianza kumwita hivyo kwa utani, naye akajifanya hasikii. Baadaye jina likazoeleka midomoni mwa walimu wenzake, mwa mkuu wa chuo, hata mwa mumewe kinyozi, na yeye mwenyewe akajikuta anaitikia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara na mikono iliyojaa makovu ya spana. Kazi yake aliipenda. Lakini darasa lake lilikuwa na kasoro ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyeitaja. Kwenye ukuta wa karakana kulikuwa na mabomba ya kujifunzia: sinki, koki, tangi dogo, viungo vya kila namna. Wanafunzi waliyafunga, wakayafungua, wakayafunga tena, muhula baada ya muhula, mpaka nyuzi za kukazia viungo zikalika. Ila mabomba yale hayakuwa na maji. Hayakuwahi kuwa na maji tangu chuo kifunguliwe. Mtu aliweza kumaliza masomo, akapewa cheti, akapigiwa makofi na shangazi zake, bila kujua kama kiungo alichokaza kwa mikono yake mwenyewe kinavuja au hakivuji.

Basi wakienda kwa mafundi kutafuta kazi, walikabidhiwa ndoo. "Wewe wa cheti, kalete mchanga." Wengi walivumilia wiki mbili tatu, kisha wakatafuta riziki kwingine. Siku moja Mama Koki aliingia dukani kununua soksi za mumewe, akahudumiwa na kijana aliyewahi kuwa wa kwanza darasani kwake. Kijana alimchagulia soksi nzuri, akazikunja vizuri, akamwuliza habari za karakana kwa heshima zote. Mwalimu alilipa, akatoka bila kungoja chenji.

Muda si mrefu baada ya hapo, mkuu wa chuo alimwita ofisini. Chuo rafiki cha nchi nyingine kilitaka kubadilishana walimu: mmoja wa huku aende kule kwa majuma machache akaone wanavyofundisha, kisha mmoja wa kule aje huku. Na walikuwa wameomba mwalimu wa mabomba.

"Nimetafuta wa kumpeleka," mkuu alisema, "nikakuta mwalimu wa mabomba ni wewe peke yako."

Uhaba wa walimu, uliokuwa umemchosha miaka yote, siku hiyo ukamfaa.

Nyumbani, mumewe alifurahi kuliko yeye. "Nenda, mama watoto. Mwenda bure si mkaa bure. Ila usije ukaniletea mashine ya kunyolea ya huko, wateja wangu wakaanza kuidharau hii."

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na kuongoza nyumba kwa ulimi akiwa amekaa kitini, aliweka kikombe chini. "Watu wanakwenda nchi za watu kusomea udaktari. Wewe, mkwe wangu, unakwenda kutazama vyoo?"

"Mama, hata daktari huenda chooni."

Kinyozi alikohoa chai yote. Mama mkwe naye, ingawa alikaza uso, mabega yalimtikisika.

*

Mwenyeji wake kule alikuwa mwalimu wa mabomba vilevile, mwanamume mrefu mwembamba aliyelazimika kuinama kila mlangoni. Mama Koki, kimoyomoyo, alimbatiza Mlingoti. Waliongea kwa lugha ya watu wengine, ambayo kila mmoja aliivunja kwa namna yake, na palipokwama maneno walichora.

Asubuhi ya kwanza Mlingoti alimpitisha madarasani. Mama Koki alikuwa amejiandaa kuona mashine kubwa na umati wa wanafunzi. Akaona vyumba safi, vitupu.

"Wamegoma?" aliuliza.

"Wako kazini," Mlingoti alijibu. "Huku chuoni huja siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine wanafundishwa na mafundi, huko huko kwenye kazi."

Akampeleka kwenye jengo la ghorofa lililokuwa halijamalizika. Ghorofani walimkuta binti mmoja mwanagenzi, amepiga magoti kwenye vumbi, anaunga bomba la bafu. Pembeni alisimama fundi wake, mzee mwenye upara, mikono mifukoni. Binti alipomaliza, mzee akafungua maji. Kiungo kikatoa tone. Likafuata la pili.

Mama Koki alisubiri matusi. Mzee alifunga maji, akasema neno moja tu. Mlingoti akalitafsiri: "Tena."

Binti akafungua, akasafisha nyuzi, akazungusha utepe mweupe, akakaza. Maji yakafunguliwa. Tone. "Tena." Uso wa binti ulikuwa mwekundu, lakini hakulia wala hakukimbia. Safari ya tatu maji yalikaa ndani ya bomba kama yalivyoamriwa, na mzee akatoa mkono mfukoni, akapapasa kiungo kwa kidole, akakiangalia kidole kikiwa kikavu, akaondoka kwenda chumba kingine. Binti akacheka peke yake.

Mama Koki alimfuata yule mzee. "Mwulize," alimwambia Mlingoti, "haogopi kwamba kesho huyu binti atamnyang'anya wateja?"

Mzee alipoelewa swali alishangaa, kana kwamba ameulizwa kama anaogopa watoto wake kurefuka. "Magoti yangu yamekwisha," alisema. "Kazi ya mji huu ni nyingi kuliko magoti yangu. Na mimi sikuzaliwa na spana mkononi, kuna mtu alinivumilia."

Kila alipopelekwa baada ya hapo aliona jambo lilelile: kosa lilifanyika mbele ya mtu anayejua kulirekebisha, na maji ya kweli ndiyo yaliyotoa alama. Alianza kuwaonea gere watu wale, na wivu wa kitaaluma ni mbaya kuliko wa mapenzi. Mpaka jioni moja alipoalikwa kula kwa Mlingoti.

Mke wa Mlingoti alikuwa muuguzi, mcheshi, na binti yao wa miaka kumi alikuwa amekaa mezani akisukuma chakula huku na huku bila kukila. Mama Koki aliuliza mtoto anaumwa nini. Wazazi wakatazamana. Muuguzi ndiye aliyeeleza: huko kwao, mtoto akifika umri huo walimu huamua ataendelea na shule ya aina gani. Wa njia hii huelekea chuo kikuu, wa njia ile huelekea ufundi. Kuhama baadaye si marufuku, lakini ni kupanda mlima. Na walimu wa binti walikuwa wamedokeza njia ya pili.

"Sasa shida iko wapi?" Mama Koki aliuliza. "Si atakuja kusoma kwa baba yake?"

Mlingoti aliacha kutafuna. Akaangalia sahani.

"Aah!" Mama Koki akapiga meza kwa kiganja. "Kumbe na wewe ni kama mama mkwe wangu! Ufundi mzuri, ila uwe wa watoto wa jirani!"

Muuguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Mlingoti naye akacheka, kisha kicheko kikamwishia ghafla. "Si ufundi ninaouogopa," alisema taratibu. "Ni kwamba amechaguliwa. Hajachagua."

Binti, aliyekuwa akidhaniwa hasikilizi, akamwuliza mgeni kupitia kwa mama yake: "Kwenu mnaambiwa lini?"

"Tunaambiwa nini, mwanangu?"

"Utakuwa nani."

Mama Koki alikuna kichwa. "Kwetu tunaambiwa kila siku, na kila mtu. Shangazi anasema lake, jirani anasema lake. Zinakuwa kelele, mwishowe hatusikii."

Mtoto akatabasamu kidogo. Basi mgeni akamsimulia. Kwamba yeye alifeli mtihani akiwa msichana, akarudishwa nyumbani. Kwamba alifanya kazi ya kufua, akauza nguo, akaolewa na kinyozi anayeongea kuliko redio. Kwamba siku moja, ana mtoto mgongoni na mwingine miguuni, bomba lilipasuka kwenye nyumba waliyopanga, fundi akaitwa asije, na yeye akalifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, likakaa. Majirani wakaanza kumwita. Ndipo akaenda kugonga mlango wa chuo, mtu mzima, na mlango ukafunguliwa. "Hata sasa," alisema, "darasani kwangu nina mwanafunzi mwenye mvi. Alikuwa mlinzi wa usiku. Anakaa dawati moja na vijana wanaoanza kuota ndevu, wanamwita Babu, na wakishindwa hesabu za vipimo anawasaidia."

"Mnampokea tu hivyo?" Mlingoti aliuliza, amesahau kijiko hewani. "Umri ule?"

"Tumzuie kwa nini? Bomba linauliza umri?"

Mama Koki alipolala usiku ule gere lilikuwa limempungua. Aliona kwamba wenzake walikuwa na njia nzuri yenye lango moja linalofungwa mapema, na nchini kwake kulikuwa na malango wazi kila upande, ila ukishaingia huoni njia.

*

Aliporudi, mizigo haijafunguliwa, alikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo.

"Nataka maji kwenye ukuta wa karakana."

"Maji?" Mkuu alivua miwani. "Mwalimu, si yatavuja?"

"Ndiyo ninachotaka, mkuu. Yavuje wakiwa mbele yangu, yasivujie dari la mtu."

Mkuu alikuwa mtu mwoga wa mambo mapya lakini si mbaya. Maji yakaletwa kwa bomba la mpira kutoka bustanini. Siku ya kwanza karakana iligeuka bwawa. Kila kiungo walichokuwa wakikisifia kwa miaka kilitema mate. Wanafunzi walikimbizana na ndoo, Babu akateleza akakaa chini pwaa, na darasa zima lilicheka kama watu walioponea chupuchupu. Mama Koki alisimama katikati, sketi imelowa mpaka magotini, akipaza sauti: "Tena!"

Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa mafundi.

Mafundi wa mji walikutana asubuhi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, wakisubiri kazi na kutaniana. Mama Koki aliwaendea, akawaeleza: chukueni mwanafunzi mmojammoja, siku tatu kwa wiki, siku nyingine nibaki naye mimi. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamcheka kwa adabu vilevile.

"Mwalimu, nikunolee kisu uje unichinje nacho?"

"Nyinyi mafundi mmepungua lini kuitwa?" alijibu. "Watu wanakaa wiki nzima maji yanamwagika wakiwasubiri nyinyi. Mnagombania nini?"

Aliyekuwa na kauli pale ni mmoja waliyemwita Kamanda, fundi mkubwa aliyekuwa anaweka mabomba kwenye hosteli mpya ya wauguzi. Yeye hakucheka. "Wanafunzi wenu," alisema, "wanajua kuimba majina ya spana. Kuishika hawajui."

Watu wakangoja Mama Koki awake moto.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Ningekuwa naweza peke yangu ningekusumbua?"

Kamanda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akikubaliwa hubaki hajui pa kuweka mikono. Alitazama huku na huku, akaguna. "Lete wawili. Wakinizingua, ninawarudisha siku hiyohiyo."

Alipelekewa Babu, na msichana ambaye wenzake walimwita Kimya, kwa sababu mwalimu akimwuliza swali alijibu kwa kuonyesha kidole kwenye bomba.

Mambo yalikwenda vizuri mwezi mzima. Kisha asubuhi moja simu ya Mama Koki ikalia. "Mwalimu," sauti ya Kamanda ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko makelele, "njoo umchukue mtu wako."

Alimkuta Kimya nje ya hosteli, begi begani, macho yamevimba. Ndani, dari la chumba cha chini lililopakwa rangi juzi lilikuwa na doa la maji kubwa kama mkeka. Maji yalikuwa yamechuruzika kutoka kwenye bafu la juu, kazi ya mikono ya Kimya.

"Nilisema, hukunisikia," Kamanda alianza. "Mimi nina mkataba hapa, sina shule."

"Una haki," Mama Koki alisema. "Nitamchukua. Lakini asiondoke ameacha kazi imeharibika, si adabu. Arekebishe kwanza, halafu umfukuze."

Kamanda hakuona pa kulikatalia hilo. Wakapanda juu wote: Kamanda, mwalimu, Kimya, na mafundi wengine waliojifanya wamesahau kitu ghorofani. Kimya akapiga magoti, akafungua kiungo. Alikaa akikitazama muda mrefu. Kisha akasema, na kwa wengi pale ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake:

"Huu mpira wa kuzuia maji umekaa upande. Nilikaza bila kuangalia kwa sababu nilitaka nimalize kabla ya Kamanda kupita."

"Kwa nini kabla sijapita?" Kamanda akauliza.

"Nakuogopa."

Fundi mmoja wa zamani, rafiki wa Kamanda tangu ujana, akakohoa. "Hata sisi, Kamanda."

Kicheko kilipasuka, kikamkumba hata Kamanda mwenyewe ingawa alijaribu kukimeza. Kimya akageuza mpira, akaukalisha sawa, akakaza. Maji yakafunguliwa. Mama Koki alitamani kupapasa kile kiungo kwa kidole chake, akajizuia, akarudi nyuma hatua. Alikipapasa Kamanda. Kidole kilikuwa kikavu.

"Kesho aje mapema," alisema, akishuka ngazi bila kumtazama mtu. "Atapaka na lile dari. Na wewe mwalimu usimsindikize, si mtoto wa chekechea."

*

Mlingoti alifika kulipa ziara mwaka uliofuata. Alifundisha karakanani akiwa ameinama chini ya boriti za dari, akalowana kama wengine, akajifunza kusema "tena" kwa lafudhi iliyowachekesha wanafunzi. Kila siku alitaka kukaa karibu na Babu. Alimhoji kupitia kwa Mama Koki: ameanzaje, familia ilisema nini, hakuona haya? Babu alijibu kwa uvumilivu wote: "Haya niliiona usiku getini, ninalinda maji ya watu wengine na kwangu hakuna bomba."

Alipoalikwa nyumbani kwa Mama Koki, kinyozi alimnyoa kwa heshima na kumweleza siasa za dunia nzima katika lugha ambayo mgeni hakuielewa hata neno. Mama mkwe naye alimkagua kutoka juu hadi chini, safari iliyochukua muda.

"Mwulize," alisema, "kama kweli ni fundi. Koki ya jikoni inavuja tangu mwaka jana, na mke wa mwanangu anatengenezea mji mzima."

"Mama!" Mama Koki alificha uso.

"Mfinyanzi hulia gaeni, mwanangu. Mimi nimesema tu."

Basi walimu wawili wa mabomba wa nchi mbili wakajikuta chini ya sinki moja, na huko chini ndiko Mlingoti alikomweleza habari za nyumbani. Binti yake alikuwa amepelekwa ile njia ya pili. Alilia wiki moja. Kisha akaanza kuwaambia wenzake kwamba kuna nchi ambako mama mmoja alifeli akawa mwalimu, kwa hiyo yeye bado anafikiria. "Na mimi," Mlingoti aliongeza, "nimewaomba chuoni tufungue darasa la jioni la watu wazima. Wamekataa mara ya kwanza. Nitaomba tena."

"Omba tena," Mama Koki alisema, akimpa spana.

Si kila kitu kilinyooka. Kuna mafundi waliochukua wanafunzi wakawafanya wabeba mchanga, na Mama Koki akaenda kuwarudisha wanafunzi hao chuoni mmoja baada ya mwingine, sauti yake ikisikika mtaa wa tatu. Kuna waliokataa na wanakataa mpaka leo. Lakini waliokubali wameongezeka kila mwaka, na vijana wanaotoka karakanani sasa wakifika kazini hukabidhiwa spana. Kimya ana kazi zake mwenyewe. Bado haongei sana, na wateja wake husema hiyo ndiyo raha yake: anakuja, anatengeneza, anaondoka, na maji yanabaki yalipo.

Muhula huu, siku ya kuanza masomo, Mama Koki alipoingia darasani alimkuta Kamanda amekaa dawati la nyuma, magoti yamebanwa, kofia mkononi. Vijana wote walikuwa wamejibana madawati ya mbele.

"Umekuja kuchukua wanafunzi?" mwalimu akamwuliza.

"Hapana." Kamanda alikohoa. "Majengo ya siku hizi wanaleta michoro. Mimi naweka mabomba kwa kukisia, halafu Babu ndiye ananisomea. Nimechoka kusomewa." Akashusha sauti. "Mnapokea mpaka umri gani?"

Mama Koki alifungua kabati, akatoa karatasi kubwa ya mchoro wa nyumba, akaitandaza juu ya dawati la Kamanda.

"Anza na hapa," alisema. "Huu mstari wa buluu, unadhani ni nini?"